Fomu Isiyompoteza Mtu

(Mazungumzo na makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia, Ganda, Malindi)

  

Twawashukuru kwa kuacha mashamba na biashara zenu mkaja kukaa nasi siku nzima. Leo hatuna habari za mbegu wala za mbuzi wa maziwa. Leo twataka kuzungumza juu ya fomu. Twajua wengine washaanza kusema moyoni, "Fomu! Si karatasi tu hiyo?" Ngojeni kidogo.

Kama mjuavyo, vikundi vyenu vimekubaliana kuwa na tovuti moja kwenye intaneti. Huko mtu ataweza kuomba kujiunga na kikundi, mwanachama ataweza kuomba mkopo, na mteja wa hoteli au wa mjini ataweza kuagiza mayai, maembe, korosho na mikeka. Vijana wetu wamekwisha kutengeneza fomu tatu za mwanzo, nasi tumeziangalia. Wamejitahidi kweli, na twawapongeza. Lakini kila fomu imekuja na sura yake. Moja ni ya kijani, moja nyekundu, ya tatu imepambwa maua. Moja yauliza "Jina". Nyingine yauliza "Majina kamili". Ya tatu yauliza kwanza "Jina la ukoo" halafu "Jina la kwanza".

Kabla hazijafunguliwa kwa watu, twaomba tuzitazame pamoja. Na wala si kwa ajili ya urembo peke yake.

KOSA TULILOLIFANYA SISI

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukisimamia mikopo midogo na msaada wa karo katika ofisi moja. Majina tutakayoyataja si ya wahusika, lakini mambo yalikuwa hivi.

Tulikuwa na fomu mbili. Fomu ya mkopo ilianza na jina la mtu mwenyewe, kisha la baba yake. Fomu ya karo ilitengenezwa na mtu mwingine, wakati mwingine, nayo ilianza na jina la ukoo. Hakuna aliyeziweka mbili hizo ubavu kwa ubavu akazilinganisha.

Sasa, ninyi mwajua desturi ya kuita majina huku kwetu. Mjukuu huitwa jina la babu. Babu ni Kazungu, mwanawe ni Charo, na mtoto wa Charo ni Kazungu tena. Kwa hiyo baba ni Charo Kazungu, na mtoto ni Kazungu Charo. Ukigeuza majina ya mtoto, umempata baba. Ukigeuza ya baba, umempata mtoto.

Kijana Kazungu Charo alijaza fomu ya karo kama alivyoulizwa. Penye jina la ukoo akaandika Charo. Penye jina la kwanza akaandika Kazungu. Hakukosea hata kidogo. Karani wetu akanakili kwenye orodha kwa mfuatano ule ule: Charo Kazungu. Kwenye orodha ya mikopo tayari palikuwa na Charo Kazungu, mzee mwenye deni ambalo halijalipwa. Kamati ikasema huyu ana deni, hawezi kupewa msaada mwingine. Jina likapigwa mstari. Namba ya kitambulisho ingetuokoa, lakini mwanafunzi yule alikuwa hajatimiza miaka 18, kitambulisho hana.

Mama yake alikuja ofisini shule zikiwa zimefunguliwa kitambo. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu ana deni gani na ninyi?" Tulitafuta kwenye mafaili tukaona aibu yetu. Tulikwenda nyumbani kwao kuomba radhi, na karo ikalipwa, lakini kijana alikuwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya muhula akichunga mbuzi.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, tena mawili, lakini yalikuwa hayaulizi kwa namna moja.

PWANI TWAJUA HASARA YA KARATASI

Msidhani twakuza jambo dogo. Huku pwani historia yetu ya ardhi ina kisa cha aina hiyo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa sheria ya hati za ardhi kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa alete dai lake mbele ya ofisa, alithibitishe, aandikwe. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji, yaani ya serikali. Wamijikenda wengi walikuwa wakitumia ardhi kwa mila, kwa ukoo, bila hati ya mtu mmoja mmoja. Utaratibu ule haukuwa na nafasi ya kuandika hali yao. Watoto na wajukuu wao ndio hawa wanaoitwa maskwota mpaka leo.

Hatusemi kwamba fomu peke yake ndiyo iliyofanya hayo. Sheria yenyewe ndiyo iliyokuwa na kasoro, na nia ya walioiandika. Lakini funzo tulichukue: utaratibu wa kuandikishwa usiokuwa na nafasi ya hali yako humfuta mtu aliyesimama pale pale mbele ya meza.

Na siku hizi fomu zimezidi. Tangu 2014 huduma nyingi za serikali zimekuwa zikipitia eCitizen. Mwaka 2022 mikopo ya Hustler Fund ilianza kuombwa kwa simu. Mwaka 2024 tukaambiwa tujiandikishe na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Anayeshindwa kujaza hukaa nje. Sasa ninyi nanyi mwataka kufungua mlango wa namna hiyo kwa majirani zenu. Je, mlango wenu utakuwaje?

KWANZA: SWALI MOJA LIULIZWE KWA NAMNA MOJA

Chagueni maneno ya kila swali mara moja, myaandike kwenye daftari la kikundi, na kila fomu itakayotengenezwa iyafuate. Kama ni "Namba ya simu", iwe hivyo kila mahali. Isiwe hapa "Namba ya simu", pale "Mawasiliano", kule "Nambari ya rununu". Mfuatano nao uwe mmoja: majina, kijiji, simu, kikundi, ndipo maswali ya jambo lenyewe. Mama aliyejaza fomu ya kujiunga akifika kwenye fomu ya mkopo aone yupo nyumbani.

Kuhusu majina, twapendekeza nafasi moja ndefu, na juu yake maneno haya: "Andika majina yako yote kwa mfuatano ulio kwenye kitambulisho. Kama huna kitambulisho, andika jina lako, la baba, kisha la babu." Maneno "jina la ukoo" tuyaache kabisa. Mzee mmoja alipoulizwa jina la ukoo aliandika ukoo wake hasa, ule wa Kigiriama, na nani atamlaumu? Ameulizwa ukoo, amejibu ukoo.

Msisahau pia kwamba vikundi husajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Majina kwenye orodha yenu yakitofautiana na yale mliyosajili nayo, mtajitafutia usumbufu siku ya kufungua akaunti au kubadilisha viongozi.

Fomu ya karatasi nayo ifanane na ile ya mtandaoni, swali kwa swali. Wapo watakaojaza kwa mkono, kisha kijana aingize kwenye simu. Mfuatano ukiwa mbalimbali, makosa yataingia njiani.

PILI: UZURI WA FOMU NI KUONEKANA

Vijana wetu wamependa rangi na maua. Hatuwakatazi rangi. Mtu hupenda kuingia mahali palipofagiliwa. Lakini uzuri wa fomu ni mtu kuona upesi anaulizwa nini na ajibu wapi.

Mwaka 2000 kule Marekani, katika wilaya ya Palm Beach, jimbo la Florida, karatasi ya kura ya urais ilipangwa majina kushoto na kulia, na matundu ya kutoboa yakawekwa katikati. Waliotunga walitaka maandishi yawe makubwa ili wazee wasome. Nia ilikuwa njema. Lakini baadhi ya wapiga kura walitoboa tundu la mtu wasiyemtaka, na wengine wakatoboa mawili. Uchaguzi wa jimbo zima uliamuliwa kwa tofauti ya kura 537. Basi ikiwa nchi yenye mitambo yote ile iliweza kuchanganywa na mpangilio wa karatasi, sisi ni nani tusijihadhari?

Mambo ya kufuata ni haya:

1. Maswali yashuke mstari mmoja, juu kwenda chini. Msiweke mawili ubavu kwa ubavu. Wengi watajaza kwa simu ndogo, na la kulia halitaonekana.

2. Swali liandikwe juu ya kisanduku chake, karibu nacho. Lisiandikwe ndani ya kisanduku. Mtu akianza kuandika, maneno ya ndani hupotea, naye husahau aliulizwa nini.

3. Herufi ziwe nyeusi juu ya nyeupe, au rangi nzito juu ya nyepesi. Ile ya kijivu juu ya kijani yaonekana vizuri ofisini, lakini itoeni nje juani saa saba mchana muone.

4. Kitufe cha kutuma kiwe na rangi moja na neno moja, "Tuma", katika fomu zote tatu, na kikae chini mwishoni. Rangi hiyo isitumiwe kwa jambo lingine.

5. Msitegemee rangi peke yake. Wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani. Kama jibu ni la lazima, andikeni "lazima". Kijinyota kidogo wengi hawajui maana yake.

6. Ukubwa wa kisanduku ufuate jibu. Kwa majina matatu kiwe kirefu, kwa umri kiwe kifupi. Mtu akiona kisanduku hujua jibu la urefu gani lahitajika.

7. Picha nzito zipunguzwe. Kule ambako mtandao ni wa kubahatisha, ukurasa mzito humaliza bando ya mtu kabla hajaandika neno.

TATU: FOMU IJUE HALI ZA WATU

Kompyuta ina ugumu wake. Ukiiambia kwamba swali ni la lazima, haitamsikiliza mtu anayeeleza. Karani angeuliza, "Huna? Basi niambie." Kompyuta hukataa tu.

Katika fomu ya mkopo mliyotengeneza, namba ya hati ya shamba imewekwa kuwa ya lazima. Ndugu zetu, ni wangapi humu walio na hati? Mnyooshe mikono. Haya basi, mmejiona. Ulizeni badala yake, "Unalima shamba la nani?" na mtoe majibu ya kuchagua: langu na lina hati, langu bila hati, la familia, la kukodi, nyingine. Lile neno "nyingine" liwe na nafasi ya kueleza. Tusirudie ya 1908 kwa mikono yetu wenyewe.

Tarehe ya kuzaliwa ni vivyo hivyo. Yuko mzee anayejua mwaka tu. Mruhusuni aandike mwaka. Na tarehe zote mziulize siku, mwezi, mwaka, mwezi uandikwe kwa jina. Programu nyingi zimetengenezwa Marekani, na kule 3/4 ni tarehe 4 Machi. Kwetu ni tarehe 3 Aprili. Mtu anaweza kutozwa faini ya kuchelewesha mkopo kabla siku yake haijafika.

Simu nazo, wengine huandika 07, wengine 01, wengine 254 mbele. Zote zikubaliwe. Kiasi cha pesa, mmoja ataandika 5000, mwingine 5,000. Yote ni elfu tano. Si kazi ya mama wa Msabaha kubahatisha kompyuta yataka koma au haitaki.

Na wako watakaosaidiwa kujaza, na kijana wao au na mtu wa saiba mjini. Wekeni swali mwishoni: "Nani amekusaidia kujaza?" Halafu iwe desturi kwamba msaidizi amsomee mwenyewe majibu yote kwa sauti kabla ya kubonyeza Tuma. Kabla ya hapo fomu yenyewe imuonyeshe majibu yake yote kwa pamoja, apate kusahihisha.

NNE: MSIULIZE MSICHOKIHITAJI

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi twaongeza: lakini kuuliza vibaya ni hasara. Fomu ya kuagiza mayai yauliza dini, hali ya ndoa na idadi ya watoto. Ya nini? Mtu ataka trei mbili za mayai.

Kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Yasema kwa ufupi kwamba habari za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana, ziwe zile zinazohitajika tu, na mwenyewe aelezwe zatumiwa kwa kazi gani. Kama ni za mtoto, mzazi au mlezi akubali. Kwa hiyo pitieni kila swali mjiulize: jibu hili nani atalisoma, na litabadilisha uamuzi gani? Kama hakuna, futeni. Na pale pa kukubali, msitie alama kwa niaba ya mtu. Kisanduku kiwe kitupu, atie mwenyewe.

Fomu fupi hujazwa mpaka mwisho. Na siri chache ni rahisi kuzitunza. Habari za mkopo wa jirani zisiwe za kusomwa na kila anayeshika simu ya kikundi.

TANO: MTU AKIKOSEA, NA MTU AKIMALIZA

Mtu akikosea, fomu imwambie kwa Kiswahili, karibu na kisanduku chenyewe, na imwambie la kufanya. "Namba ya simu imepungua tarakimu moja. Tafadhali iangalie tena." Isimwambie "Kosa!" kwa wino mwekundu juu kabisa, akaanza kutafuta ni wapi. Na yale aliyoyaandika sawasawa yabaki. Kumfutia mtu yote kwa kosa moja ni kama kumrudisha kutoka Malindi mpaka Kijiwetanga kwa sababu amesahau kalamu.

Akimaliza, asiachwe gizani. Aone maneno haya: "Tumepokea ombi lako. Namba yake ni hii. Kamati itakutana siku fulani. Ukiwa na swali piga simu hii." Namba hiyo aiandike. Yule mama wa kisa chetu angekuwa na namba, angekuja wiki ya kwanza, si baada ya shule kufunguliwa kitambo.

KABLA YA KUFUNGUA

Msiijaribu fomu kwa yule aliyeitengeneza. Yeye anaijua. Mpeni mama muuza samaki, mpeni mzee mwenye miwani, mpeni mwanachama mpya. Kaeni kando, mnyamaze. Msimwelekeze. Pale anapokwama ndipo fomu ina kasoro. Yeye hana kasoro. Watu watano tu wakijaribu, mtaona mengi.

Vijana wetu, tafadhali msivunjike moyo. Kazi mliyoanza ni kubwa, na kuirekebisha sasa ni kazi ya siku mbili tatu. Kuirekebisha baada ya watu kuumia ni kazi ya miaka. Sisi twawaambia kwa sababu tumeonja. Tangu siku ile, kila tukitengeneza fomu mpya, huitoa ile ya zamani kwenye faili, tukaziweka mbili mezani, tukaanza na nafasi ya jina.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Leteni fomu zote ambazo kikundi chenu hutumia. Swali la jina limeulizwa kwa namna ngapi?

2. Katika kijiji chenu ni nani hataweza kujibu swali fulani la lazima? Mtalibadilisha vipi?

3. Ni maswali gani matatu mnaweza kuyafuta leo bila kikundi kupungukiwa na kitu?

4. Nani atakuwa mlinzi wa daftari la maneno ya fomu, ili mwakani atakayetengeneza fomu mpya asianze upya?

Baada ya chakula tutagawanyika katika makundi, kila kundi na fomu moja. Jioni tutaziweka zote tatu ukutani, ubavu kwa ubavu, tuone kama zafanana kama ndugu wa nyumba moja.